Mabilioni yaliyoahidiwa Moscow: yaliyofika, yaliyochelewa na yaliyopotea

Swali la msomaji, mwalimu wa uchumi wa kidato cha tano na cha sita mjini Morogoro: "Kila tukifika kwenye mada ya mageuzi ya uchumi, wanafunzi wangu husema kwamba baada ya 1991 nchi za Magharibi ziliimiminia Urusi na jamhuri nyingine za Sovieti mabilioni ya dola, wakati sisi tunabanwa na masharti ya IMF na Benki ya Dunia. Ni kweli walipewa fedha nyingi kiasi hicho? Zilikuwa zawadi au mkopo, na kama mkopo, walilipa? Kwa nini Estonia imeneemeka na Kirgizia haikuneemeka? Na je, fedha zile zilitolewa kwenye fungu letu?"

Mwalimu, wanafunzi wako wameshika nusu ya habari. Ni kweli mabilioni yalitangazwa, tena na marais wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya kilichotangazwa haikuwa fedha taslimu, wala haikuwa zawadi. Fedha halisi zilikuwa kidogo mno katika miaka ya mwanzo, zilipoweza kuokoa kitu. Zikaja nyingi baadaye, wakati kilichozivuta kilikuwa siasa zaidi ya uchumi, na nyingi kati ya hizo zikapotea. Nalisema hili bila kusita, kwa sababu takwimu za wakati ule ukizifumua na kuangalia kilichomo ndani zinalionyesha wazi.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991, zikabaki nchi 15. Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Rais Boris Yeltsin iliondoa udhibiti wa bei za bidhaa nyingi. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mchumi Yegor Gaidar, kijana wa miaka 35. Maduka yalikuwa matupu, hazina ya fedha za kigeni ilikuwa karibu imekauka, na wananchi walikuwa na rubli nyingi benki walizoziweka kwa miaka kwa kukosa cha kununua. Bei zilipofunguliwa, mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 2,500 kwa mwaka huo mmoja. Akiba za maisha za wastaafu ziliyeyuka ndani ya miezi michache. Mtu asiyeuweka moyoni mwake mkasa huo hawezi kuelewa chuki iliyofuata dhidi ya neno "mageuzi", na mimi sidhani kwamba chuki hiyo ilikuwa ya kijinga.

Wakati wa msaada ulikuwa huo. Na mfano wa namna ya kusaidia ulikuwepo, tena wa jirani. Poland ilipoanza mageuzi yake Januari 1990, mataifa tajiri yaliiwekea mfuko wa dola bilioni 1 wa kuilinda sarafu yake, zloti. Kuwepo kwa mfuko huo kuliwafanya watu waiamini zloti. Mwaka uliofuata, wadai wa Klabu ya Paris, yaani serikali zinazodai serikali nyingine, walikubali kuipunguzia Poland deni lake kwa kiasi cha nusu. Mchumi wa Marekani Jeffrey Sachs, aliyeishauri Poland na baadaye Urusi, alizisihi serikali za Magharibi ziifanyie Moscow kama zilivyoifanyia Warsaw. Hazikufanya hivyo.

Kilichokuja ni tangazo. Tarehe 1 Aprili 1992 Rais George Bush wa Marekani na Chansela Helmut Kohl wa Ujerumani walitangaza kifurushi cha dola bilioni 24 kwa Urusi. Hapo, Mwalimu, nakushauri uwape wanafunzi wako kalamu na karatasi, wakifungue kifurushi hicho wenyewe.

Dola bilioni 11 zilikuwa za nchi moja moja, na nyingi zilikuwa mikopo ya kununulia bidhaa. Inafanya kazi hivi: serikali ya Marekani, kwa mfano, inamdhamini mkulima wake wa ngano. Urusi inachukua ngano, mkulima analipwa na benki ya kwao, na Urusi inabaki na deni. Dola haikuvuka bahari. Ngano ilifika, na katika nchi yenye njaa ngano ni kitu cha maana, silipuuzi hilo. Ila msaada wa namna hiyo ulimfaa mkulima wa Kansas kama ulivyomfaa mlaji wa Moscow, na deni lake lilikuwa la kulipwa mapema. Dola bilioni 2.5 nyingine zilikuwa kuahirishwa kwa malipo ya deni la zamani, yaani Urusi ilikubaliwa kutolipa kile ambacho haikuwa na uwezo wa kukilipa. Bilioni 4.5 zilitarajiwa kutoka IMF, Benki ya Dunia na benki mpya ya Ulaya ya kusaidia mageuzi, EBRD. Na bilioni 6 zilikuwa za mfuko wa kuilinda rubli, kama ule wa Poland. Mfuko huo haukufunguliwa hata siku moja. IMF, ambayo Urusi ilijiunga nayo Juni 1992, ilitoa takriban dola bilioni 1 mwezi Agosti. Basi. Gaidar aliondolewa Desemba mwaka huohuo.

Wengi hulinganisha na Mpango wa Marshall wa Marekani, ambao kati ya 1948 na 1952 uliipa Ulaya Magharibi takriban dola bilioni 13 za wakati huo. Tofauti kubwa ni kwamba fedha za Marshall kwa sehemu kubwa zilikuwa ruzuku. Urusi iliuziwa kwa mkopo.

Kwa nini mataifa tajiri yalibana mkono? Mwaka 1992 ulikuwa wa uchaguzi Marekani, uchumi wake ulikuwa umedorora, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana anawapa Warusi fedha za walipa kodi. Ujerumani ilikuwa inabeba gharama za kuiunganisha tena nchi yake. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo. Mwishoni mwa 1991, nchi ile ikiwa inakata roho, wajumbe wa mataifa saba tajiri walikwenda Moscow, na hoja yao kubwa ilikuwa nani atalilipa deni la Sovieti. Walizitaka jamhuri zitie saini kwamba kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Hatimaye Urusi ililibeba deni lote, zaidi ya dola bilioni 60, na kwa malipo ya hilo ikarithi mali za Sovieti zilizokuwa nje ya nchi. Serikali changa isiyo na akiba ilianza maisha ikiwa na mzigo huo mgongoni, na waliokuwa wakidai ndio haohao waliokuwa wakiitwa wafadhili.

Kwa upande wa pili, wasiwasi wa Magharibi ulikuwa na msingi, na msingi huo ndio utakaokupeleka kwenye swali lako la Estonia. Nchi zile 15 zilikuwa bado zinatumia sarafu moja. Benki kuu ya Moscow ndiyo iliyochapa noti, lakini kila benki kuu ya kila jamhuri iliweza kutoa mikopo ya rubli kwa viwanda na serikali yake. Fikiria ndugu 15 wenye akaunti moja benki, na kila mmoja ana kitabu chake cha hundi: atakayejizuia ataumia, na atakayewahi kutumia atafaidi. Hata Moscow kwenyewe benki kuu, chini ya Viktor Gerashchenko kuanzia Julai 1992, ilikuwa inavimiminia viwanda vilivyokufa mikopo mipya. Kuweka dola bilioni 6 kuilinda rubli ya namna hiyo kungekuwa kumwaga maji mchangani. Hapo naikubali hoja ya IMF. Nisichokikubali ni kwamba IMF yenyewe ilichelewa mno kuziambia jamhuri waziwazi zitoke na kuanzisha sarafu zao. Ilisitasita kwa muda mrefu huku kila mwezi unaopita ukila mishahara ya watu.

Wanafunzi wako wanaweza kuelewa jambo hili kuliko wanafunzi wa Ulaya, kwa sababu sisi tulipitia kitu kinachofanana. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919, iliiendesha shilingi moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Kwa kawaida bodi ile haikutoa shilingi bila kuwa na paundi za Uingereza za kuishikilia. Mwaka 1966 kila nchi ilianzisha benki kuu na shilingi yake, na mgawanyo ule ulipita bila kishindo. Sababu moja ni kwamba hapakuwa na benki kuu tatu zilizokuwa zikishindana kutoa mikopo ya sarafu moja. Hata leo, wanaopanga sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki wangefanya vema kuisoma rubli ya 1992 kwa makini.

Estonia haikusubiri kuambiwa. Juni 1992, ikiwa na watu wasiozidi milioni 1.6, ilitoka kwenye rubli na kuanzisha krooni, na utaratibu iliouchagua ni uleule wa bodi ya sarafu: krooni 8 kwa maki 1 ya Ujerumani, na hakuna krooni inayotolewa bila kuwa na fedha za kigeni au dhahabu nyuma yake. Serikali haikuweza kuikopa benki kuu hata ikitaka. Na dhahabu ilitoka wapi? Ilikuwa yao. Kabla ya Wasovieti kuiteka nchi mwaka 1940, Estonia ilikuwa imeweka dhahabu yake nje, ikiwemo London. Uingereza iliizuia, kisha miaka ya 1960 ikaitumia katika kumalizana na Moscow kuhusu madai ya zamani. Mwaka 1992 ilikubali kurudisha kiasi kilekile. Pamoja na iliyorudishwa na wengine, ilifika karibu tani 11. Kwa hiyo fungu la kigeni lililokuwa na maana kuliko yote katika historia ya uchumi wa Estonia halikuwa msaada hata kidogo. Lilikuwa mali yao iliyorejeshwa kwa wakati, siku ilipohitajika.

Mengine yalifuata juu ya msingi huo. Mfumuko wa bei ulishuka, biashara ikahama kutoka Urusi kwenda Finland na Sweden, ambao ni majirani, na benki za Sweden na Finland zikaingia. Zaidi ya hayo, Estonia ilikuwa na lango la kuingilia: Umoja wa Ulaya. Kila sheria iliyotungwa Tallinn ilitungwa ikiwa na jicho kwenye uanachama, na uanachama ulipatikana Mei 2004. Ukiniuliza ni msaada gani wa kimataifa ulioleta matokeo makubwa kuliko wote kwa nchi zilizotoka Sovieti, nitakuambia ni ahadi hiyo kwa nchi tatu za Baltiki. Thamani yake haiandikiki kwa dola, na nchi 12 zilizobaki hazikupewa wakati huo.

Kwa zilizobaki kwenye rubli mwisho ulikuwa mchungu. Julai 1993, Urusi ilitangaza ghafla kwamba noti za zamani hazitumiki tena, na wananchi wakaachiwa muda mfupi na kiwango maalumu cha kubadilisha. Noti hizo zilizokufa zikamiminika kwenye jamhuri zilizokuwa bado zinazitumia. Ilipofika Novemba mwaka huo, Kazakhstan ilikuwa imetoa tenge na Armenia dram. Ukraine, iliyokuwa imeshatoka kwenye rubli lakini ikaendelea kuvikopesha viwanda vyake bila breki, ilipata mwaka 1993 mfumuko wa bei uliozidi asilimia 10,000 kuanzia Januari hadi Desemba. Haikuanza kusimama hadi Leonid Kuchma alipochaguliwa 1994 na IMF ikaanza kuikopesha. Hryvnia ya Ukraine ilitoka Septemba 1996.

Hapa naomba niingize jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nalo linaonyesha fedha za kigeni zikifanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka 1990 Ujerumani iliahidi Moscow maki bilioni 12 ili majeshi ya Sovieti yaondoke upande wa mashariki wa nchi yake, na ikaongeza mkopo wa maki bilioni 3 usio na riba. Kati ya hizo, maki bilioni 7.8 zilikuwa za kuwajengea nyumba wanajeshi na familia zao, kwa sababu zaidi ya askari 300,000 walikuwa wanarudi kwenye nchi isiyo na mahali pa kuwalaza. Wa mwisho waliondoka Agosti 1994. Vilevile, sheria ya Marekani ya mwaka 1991 iliyosukumwa na maseneta Sam Nunn na Richard Lugar ilitenga fedha za kuharibu na kulinda silaha za nyuklia. Ukraine peke yake ilikuwa na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu takriban 1,900, na kufikia Juni 1996 vyote vilikuwa vimeondolewa. Kazakhstan na Belarus nazo zilitoa vya kwao. Fedha hizi zilikuwa na shabaha moja, tarehe ya mwisho, na kitu cha kuhesabu. Aliyelipa alijua anachokitaka kwa sababu kilikuwa kinamtisha yeye mwenyewe.

Msaada wa kitaalamu ulikuwa hadithi nyingine. Umoja wa Ulaya ulikuwa na mpango wake ulioitwa TACIS, Marekani ilikuwa na shirika lake la misaada, na malalamiko yalikuwa yaleyale tunayoyajua hapa kwetu: sehemu kubwa ya fedha ilirudi kwa washauri wa nchi zilizotoa, waliolala hoteli nzuri, wakaandika ripoti na kuondoka. EBRD, iliyofunguliwa London Aprili 1991, ilipata aibu kubwa mwaka 1993 ilipojulikana kiasi ilichotumia kwa jengo lake na uendeshaji wake huku mikopo iliyotoka ikiwa midogo. Rais wake wa kwanza, Jacques Attali, alijiuzulu. Baadaye benki hiyo ilijirekebisha na kuwa ya manufaa, hasa kwa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. Na kuna kesi ya mradi wa ushauri wa ubinafsishaji uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Harvard kwa fedha za serikali ya Marekani. Serikali hiyo ilikishtaki chuo kwa sababu washauri walikuwa wakiwekeza Urusi kwa faida yao binafsi, na mwaka 2005 chuo kilikubali kulipa dola milioni 26.5 kumaliza kesi. Mtu anayewafundisha wenzake utawala bora anapaswa kuanza na mikono yake.

Sasa nirudi Moscow, maana fedha nyingi za IMF zilikwenda huko. Mwaka 1993 IMF ilibuni dirisha jipya, yaani aina mpya ya mkopo, lenye masharti mepesi kwa nchi zinazohama kutoka uchumi wa mipango, na Urusi ikapata dola bilioni 1.5 mwaka huo na nyingine kiasi hichohicho mwaka 1994. Aprili 1995 ukaja mkopo wa takriban dola bilioni 6.8, na huu nausifu. Masharti yake yalikuwa makali, benki kuu iliacha kuichapishia serikali fedha, na mfumuko wa bei ulishuka kutoka asilimia 131 mwaka 1995 hadi asilimia 22 mwaka 1996. Kama mkopo kama huo ungekuja Januari 1992, huku rubli ikitenganishwa na jamhuri nyingine, naamini mambo yangekwenda tofauti.

Ila mwaka huohuo wa 1995 serikali ilianza kuwakabidhi wenye benki wachache hisa za makampuni makubwa ya mafuta na madini kama dhamana ya mikopo waliyoipa. Mikopo haikulipwa, na hisa zikabaki kwao kwa bei ya kutupa. Asilimia 38 ya Norilsk Nickel, mchimbaji mkubwa wa nikeli duniani, ilikwenda kwa dola milioni 170 na ushei. Wafadhili waliona. Machi 1996, miezi mitatu kabla ya uchaguzi ambao Yeltsin alikuwa anahofiwa kushindwa na Gennady Zyuganov wa chama cha kikomunisti, IMF iliidhinisha mkopo wa takriban dola bilioni 10. Kila aliyekuwa na macho alijua kwamba masharti ya bajeti yangelegezwa, na yalilegezwa. Kodi hazikukusanywa, wafanyakazi na wastaafu walikaa miezi bila kulipwa, na serikali ikaziba pengo kwa kuuza hati fungani za muda mfupi kwa riba kubwa. Wageni walizinunua kwa sababu waliamini IMF haitaiacha Urusi ianguke. Wakati huohuo matajiri wa Urusi walikuwa wanahamisha fedha zao Cyprus na Uswisi, kiasi ambacho makadirio ya kawaida yanakiweka juu ya dola bilioni 10 kwa mwaka. Kwa hiyo dola zilizotoka Urusi zilikuwa nyingi kuliko zilizoingia kama mikopo ya IMF.

Bei ya mafuta iliposhuka 1998, jengo lote likatikisika. Riba za hati zile zilipita asilimia 100. Julai likatangazwa fungu la dola bilioni 22.6 kutoka IMF, Benki ya Dunia na Japani, na IMF ikatoa mara moja dola bilioni 4.8. Wiki nne baadaye, tarehe 17 Agosti 1998, serikali ilitangaza kwamba haitalipa hati zake za ndani kama ilivyoahidi na kwamba rubli itashuka. Kutoka rubli 6 na kitu kwa dola, ilipita 20 kabla ya mwaka kwisha. Zile dola bilioni 4.8 zilikuwa zimeilinda rubli kwa wiki kadhaa tu, muda uliowatosha wenye nafasi kubadilisha rubli zao kwa bei nzuri na kuondoka. Deni likabaki kwa mwananchi. Katika kipindi chote hicho pato la taifa la Urusi lilikuwa limeshuka kwa karibu asilimia 40 tangu 1990, na umri wa kuishi wa wanaume ulikuwa umeanguka hadi chini ya miaka 58 mwaka 1994. Hizo ni namba za vita, na hapakuwa na vita Moscow.

Je, walilipa? Urusi ililipa. Bei ya mafuta ilipopanda, iliimalizia IMF deni lote Januari 2005, kabla ya muda wake, na Agosti 2006 ikaimalizia Klabu ya Paris deni la Sovieti. Kilichoilipia ni mafuta, na akiba aliyoipoteza mstaafu 1992 haikumrudia kwa thamani yake.

Kirgizia (Kyrgyzstan), jamhuri ya Asia ya Kati, haina mafuta mengi. Na hadithi yake ndiyo ningependa wanafunzi wako waikumbuke kuliko ya Urusi, maana inatuhusu. Nchi hii ya milima, yenye watu wasiofika milioni 5 wakati huo, ilifanya karibu kila ilichoambiwa. Ilitoa sarafu yake, som, Mei 1993 kwa msaada wa IMF, ya kwanza kati ya jamhuri za Asia ya Kati. Ilibinafsisha, ikafungua mipaka, na Desemba 1998 ikawa ya kwanza katika Jumuiya ya Madola Huru, yaani umoja wa jamhuri nyingi za zamani za Sovieti, kuingia Shirika la Biashara Duniani. Wafadhili waliisifu na kuikopesha. Lakini ruzuku kutoka Moscow iliyokuwa ikiijazia bajeti yake wakati wa Sovieti ilikatika kwa siku moja, viwanda vyake vingi vilikuwa vimejengwa kuhudumia jeshi la nchi ambayo haipo tena, na majirani zake, Uzbekistan na Kazakhstan, hawakufungua milango yao kama yeye. Nchi iliyoanza maisha bila deni, kwa kuwa Urusi ililibeba la Sovieti lote, ilijikuta ndani ya miaka kumi ina deni la nje linalokaribiana na au kuzidi pato lake la mwaka. Mwaka 2006 iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazoweza kupata unafuu wa madeni kupitia mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, uleule uliozihudumia Uganda na Tanzania. Baada ya mjadala mkali nyumbani, Februari 2007 serikali ilikataa kujiunga, kwa kuogopa masharti yake.

Estonia na Kirgizia zote zilikuwa na mageuzi. Tofauti haikuwa bidii ya wananchi. Estonia ilikuwa na pwani, majirani matajiri, dhahabu yake na lango la Ulaya. Kirgizia ilikuwa na milima, majirani waliofunga mipaka, na mikopo iliyotolewa kwa matumaini kwamba uchumi ungekua kwa kasi ambayo haikuwezekana. Matumaini hayo yaliandikwa na wakopeshaji, na walioyalipa ni wakopaji.

Nimalizie na fungu letu. Misaada kwa Afrika ilipungua kweli miaka ya 1990. Lakini mikopo mikubwa ya Urusi haikutoka kwenye mfuko uliokuwa unaihudumia Tanzania. Ilitoka kwenye dirisha la kawaida la IMF na kwenye dhamana za mauzo ya nje, na nchi maskini hazikuwa zinakopea huko. Kilichotupunguzia ni kwisha kwa Vita Baridi kwenyewe, ambako kulizifanya serikali nyingi za Magharibi zione hazina tena sababu ya kuwabembeleza viongozi wa Afrika. Walioingia kwenye foleni yetu hasa ni Kirgizia, Armenia, Georgia na Tajikistan, kwa sababu zilikuwa maskini kiasi cha kustahili mikopo ya masharti nafuu ya IMF na ya mfuko wa Benki ya Dunia unaozikopesha nchi maskini. Kuwachukia kwa hilo ni kuwachukia wagonjwa wenzetu.

Kuna na kiungo kingine. Urusi ilirithi pia madai ya Sovieti kwa nchi kama Msumbiji, Ethiopia na Tanzania, mengi yakiwa ya silaha. Ilipoingia Klabu ya Paris kama mdai, Septemba 1997, ilibidi ikubali kuyapunguza madai hayo kwa kiwango kikubwa sana. Kwa namna hiyo, mageuzi ya Moscow yalitupunguzia sisi deni.

Malalamiko ya wanafunzi wako yana haki mahali pengine. Mwishoni mwa 1994 wahisani waliisitishia Tanzania misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela, na haikurudi kikamilifu hadi serikali mpya ya 1995 iliposhika hatamu na kuonyesha mabadiliko. Julai 1997, miezi 16 baada ya kuiidhinishia Moscow dola bilioni 10 katikati ya kashfa ya hisa na kodi zisizokusanywa, IMF iliisimamishia Kenya mkopo wa dola milioni 200 na kitu kwa sababu ya ufisadi. Ufisadi huo ulikuwa wa kweli, na Goldenberg, kashfa ya malipo ya serikali kwa mauzo hewa ya dhahabu, iliwagharimu Wakenya sana. Lakini maswali yaliyoulizwa Nairobi na Dar es Salaam hayakuulizwa Moscow kwa ukali uleule, na waliokuwa na mamlaka ya kuyauliza walikuwa walewale.